Hazina ya Pamoja ya Data za Kamusi Elezo za Mtandaoni: Historia Yake Ikitazamwa Kutoka Kiritiri

Mtu atakaye kuandika sentensi moja tu juu ya Kiritiri, akasema kwamba ni mji mdogo ulioko katika wilaya fulani ya mkoa fulani nchini Kenya, hana budi kwanza atuambie anazungumzia mwaka gani. Kabla ya mipaka kuchorwa upya wakati wa uhuru, Kiritiri ilikuwa katika Wilaya ya Embu, Mkoa wa Kati. Tangu 1963 wilaya ilikuwa ile ile, lakini mkoa ukawa wa Mashariki. Mwaka 1996 Wilaya ya Mbeere ilikatwa kutoka Embu, na baadaye Mbeere yenyewe ikagawanywa kuwa Kaskazini na Kusini, Kiritiri ikawa makao ya utawala ya sehemu ya Kusini. Kisha ikaja katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, na baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Machi 2013 kaunti 47 zikaanza kazi. Jimbo la uchaguzi lililojulikana kwa jina la Gachoka likaitwa Mbeere Kusini. Mji wenyewe haukuhama hata hatua moja katika miaka hiyo hamsini. Anwani yake ndiyo iliyokuwa ikihama.

Jambo hili ni dogo machoni pa watu wa Kiritiri, ambao wanajua walipo. Kwa mtungaji wa kamusi elezo ni jambo kubwa, na kwa watungaji wa kamusi elezo zilizoandikwa katika lugha mia kadhaa kwa wakati mmoja, bila mhariri mkuu wala ofisi moja, lilikuwa karibu kuwa mzigo usiobebeka. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mzigo huo ulivyotafutiwa dawa kwa kujenga hazina moja ya data inayotumiwa na lugha zote, na kuuliza hazina hiyo imetupa nini sisi tunaoshughulika na lugha za Kiafrika, na imetudai nini.

Kwanza neno lenyewe. Waandishi wa Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, waliiita kazi yao “kamusi elezo huru”. Wapo wanaopendelea “ensaiklopidia”, wakihoji kwamba kamusi ni kitabu cha maneno, hali kazi hii ni ya kueleza vitu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na tutairudia, kwa kuwa tofauti baina ya neno na kitu ndiyo kiini cha historia yote inayofuata. Hata hivyo jina limekwisha kuzoeleka, nami nalitumia.

Wikipedia ya kwanza, ya Kiingereza, ilifunguliwa tarehe 15 Januari 2001, na katika miezi iliyofuata lugha nyingine zikaanza zake. Kila lugha ilijitegemea. Ilikuwa na makala zake, waandishi wake wa kujitolea, na takwimu zake zilizonakiliwa kwa mkono. Idadi ya watu wa mji mmoja iliweza kuandikwa mara arobaini katika lugha arobaini, na pengine ikawa tarakimu arobaini tofauti, maana huyu amechukua sensa ya 1989, yule ya 1999, na wa tatu amenakili kwa mwenzake pamoja na kosa lake. Mwandishi wa Kiswahili akisahihisha makala yake, ya Kiholanzi hubaki vile vile.

Viungo baina ya lugha vilikuwa tatizo kubwa zaidi. Ili msomaji wa makala ya Kiswahili juu ya Kenya aweze kuifikia makala ya Kifaransa juu ya nchi hiyo hiyo, orodha ya viungo iliandikwa chini ya makala, na orodha kama hiyo iliandikwa chini ya kila makala ya kila lugha. Ikiwa jambo moja limeandikiwa makala katika lugha 50, viungo vinavyotakiwa ni 2,450, na makala moja ikibadilishwa jina, kurasa 49 zinapaswa kurekebishwa. Kazi hiyo iliachiwa programu zijiendeshazo, ambazo zilizunguka usiku na mchana zikiongeza viungo na kufuta vingine. Makosa yalienea kama moto wa nyika: mtu mmoja alipounganisha makala ya mji na makala ya mto wenye jina hilo, programu zililisambaza kosa lake katika lugha zote kabla hajapata wasaa wa kujisahihisha.

Mtu wa Embu na Meru anaelewa upesi jinsi makosa hayo yanavyotokea. Embu ni mji, ni kaunti, ni kabila na ni lugha. Na huko Brazil, jirani na São Paulo, palikuwa na mji ulioitwa Embu hadi 2011, ulipopewa jina rasmi la Embu das Artes. Meru ni kaunti na mji wa Kenya, na ni mlima wa Tanzania katika Mkoa wa Arusha. Ni mlima mtakatifu pia katika masimulizi ya Wahindu na Wabudha. Wameru wa Kenya na Wameru wa Arusha wanashiriki jina bila kushiriki lugha: Kimeru cha Kenya ni ndugu wa Kikuyu na Kiembu, wakati lugha ya Wameru wa Arusha, iitwayo pia Kirwa, ina uhusiano wa karibu na Kichaga. Malcolm Guthrie, alipoainisha lugha za Kibantu mwaka 1948, aliliepuka tatizo hili kwa kuzipa lugha alama za herufi na tarakimu. Kiembu kikawa E.52, Kimeru cha Kenya E.53, na Kirwa E.61. Majina yaliweza kugongana apendavyo kila mtu, lakini tarakimu hazikugongana. Wasomaji wa jarida hili walioizoea desturi hiyo hawatashangazwa na dawa iliyotumiwa na wajenzi wa hazina ninayoieleza.

Wazo la kuweka pamoja vitu vinavyotumiwa na lugha zote lilijaribiwa kwanza kwa picha. Septemba 2004 ilifunguliwa Wikimedia Commons, ghala moja la picha na sauti, ili picha ya Mlima Kenya ihifadhiwe mara moja na itumiwe na lugha yoyote. Data zilikuwa kazi ngumu zaidi, kwa sababu picha haihitaji kutafsiriwa na data zinahitaji. Mwaka huo huo wa 2004 tayari palikuwa na mapendekezo ya hazina ya data. Mwaka 2005 kundi la watafiti nchini Ujerumani, miongoni mwao Denny Vrandečić na Markus Krötzsch, lilianza kutengeneza programu iliyowezesha maelezo ya makala kuandikwa kwa namna ambayo kompyuta ingeweza kuyasoma na kuyalinganisha. Ilipita miaka saba kabla ya fedha kupatikana. Machi 2012 chama cha Wikimedia cha Ujerumani kilitangaza mradi wa Wikidata, kwa ruzuku ya euro milioni 1.3, nusu yake ilitoka katika taasisi ya utafiti wa akili bandia iliyoanzishwa na Paul Allen, robo katika mfuko wa Gordon na Betty Moore, na robo katika kampuni ya Google. Afadhali tuyakumbuke majina hayo. Hazina ya umma ya maarifa ya dunia ilijengwa Berlin kwa fedha zilizotoka Marekani, nasi tulialikwa nyumba ilipokwisha kuezekwa.

Hazina ilifunguliwa tarehe 29 Oktoba 2012. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Kila kitu kinachoweza kuandikiwa habari hupewa kiingizo kimoja chenye herufi Q na tarakimu: ulimwengu ni Q1, Kenya ni Q114, lugha ya Kiswahili ni Q7838. Jina halimo katika tarakimu. Jina hubandikwa juu yake, moja kwa kila lugha, pamoja na majina mengine ya kando. Chini yake huwekwa kauli: kitu hiki kiko katika eneo lile, kina watu kadha, kilianzishwa mwaka fulani. Kila kauli huweza kutajiwa marejeo na muda wake. Kwa hiyo kauli kwamba Kiritiri iko katika Wilaya ya Embu hailazimiki kufutwa. Inawekewa mwaka wa mwisho wa 1996, na ile ya Mbeere inafuata. Tena kauli mbili zinazopingana huweza kukaa pamoja, kila moja na shahidi wake. Bwawa la Kiambere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1988, liko juu ya Mto Tana, upande mmoja ukiwa Embu na wa pili Kitui; mwandishi wa makala aliyekuwa akichagua kaunti moja sasa aweza kuandika zote mbili bila kumkosea mtu.

Wikipedia ya Kihungari ndiyo iliyotangulia kuchukua viungo vyake kutoka katika hazina hiyo, tarehe 14 Januari 2013. Kiebrania na Kiitaliano zikafuata mwezi huo huo, Kiingereza Februari, na lugha zote zilizosalia, Kiswahili kikiwamo, tarehe 6 Machi 2013. Tazama tarehe hiyo. Siku mbili kabla yake Wakenya walikuwa wamepiga kura iliyoanzisha serikali za kaunti, na kura zilikuwa bado zinahesabiwa. Katika juma moja Kiritiri ilibadilishiwa utawala, na kamusi elezo zote zikapata njia ya kuandika badiliko kama hilo mara moja badala ya mara mia. Hakuna aliyezipanga tarehe hizo zilingane. Lakini hakuna juma lililodhihirisha vizuri zaidi haja ya hazina hiyo. Katika mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Google ilikuwa imeendesha shindano la wanafunzi wa vyuo wa Kenya na Tanzania la kuandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili. Kabla 2010 haijaisha, katiba mpya ilikuwa imekwisha kuzifanya mikoa na wilaya za Kenya kuwa habari ya kupitwa na wakati, na kila makala iliyozitaja ilimngoja mtu wa kuirekebisha kwa mkono.

Faida kwa lugha zenye waandishi wachache ni dhahiri. Sensa ya 2019 iliihesabia Mbeere Kusini watu 163,476 kati ya 608,599 wa Kaunti ya Embu. Tarakimu hizo zikiwekwa katika hazina pamoja na marejeo yake, makala ya Kiswahili huweza kuzivuta zenyewe, na sensa nyingine itakapokuja hapatakuwa na haja ya mtu wa kuzungukia makala elfu moja. Lugha yenye waandishi kumi inapata utunzaji wa takwimu sawa na lugha yenye waandishi elfu kumi. Katika historia ya uchapaji wa vitabu vya marejeo kwa Kiswahili, ambayo imekuwa historia ya matoleo yasiyopata fedha za kurudiwa, jambo hilo halijapata kutokea.

Lakini Kiswahili si kigeni kwa hazina za pamoja. Tarehe 1 Januari 1930 ilianzishwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyozihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Msingi wa kazi yake uliwekwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928, uliochagua Kiunguja kiwe kiini cha Kiswahili sanifu. Kamati ilikusanya maneno, ikasanifisha tahajia, ikapitisha vitabu vya shule, na matunda yake makubwa yakawa kamusi za 1939. Kutoka kwayo ikazaliwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka 1964, na kutoka kwa Taasisi ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981. Bila hazina ile tusingekuwa na lugha moja ya kuandikia mtihani kutoka Kisumu hadi Mtwara. Lakini waliozaliwa katika Kimvita na Kiamu, lahaja zilizobeba sehemu kubwa ya ushairi wa karne nyingi, walijikuta wageni katika lugha yao, na maneno yao katika kamusi yakaandikwa alama ya lahaja, kana kwamba Kiunguja si lahaja.

Wikidata haikupitisha kitabu wala haikukataza tahajia. Katika hilo inatofautiana sana na Kamati. Nguvu yake iko kwingine: katika kuamua kipi ni kitu kimoja na vipi ni vitu viwili. Mbeere wa leo waliandikwa “Mbere” katika nyaraka nyingi za kikoloni, na hilo halina taabu; majina mawili, tarakimu moja. Je, Kimbeere ni lugha au ni lahaja? Katika orodha ya kimataifa ya alama za lugha, Kiembu kina alama ya ebu, na Kimbeere kimehesabiwa kuwa lahaja yake. Wanaisimu wana sababu zao, kwa kuwa wasemaji wa pande mbili husikilizana bila shida. Lakini Wilaya ya Mbeere ilipokatwa kutoka Embu mwaka 1996 haikukatwa kwa vipimo vya isimu. Hazina hufuata alama za lugha. Mbeere anayetaka kubandika jina la kilima cha kwao kwa lugha ya kwao hana pa kulibandika ila chini ya jina la jirani yake, na hata hapo ni mpaka alama ya jirani iwe imekubaliwa.

Mfano wa muguka unaonyesha kwamba uainishaji si mchezo wa wasomi. Muguka, jani la kutafunwa linaloendesha maisha ya nyumba nyingi za Mbeere, ni la mmea ule ule ambao wataalamu wa mimea huuita Catha edulis, na ambao kule Meru huuzwa kwa jina la miraa. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikaifuata. Serikali kuu ikajibu kwamba marufuku hayo hayana nguvu kwa kuwa muguka unatambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha. Kwa ufupi, mkulima alilindwa kwa kuwa muguka ulihesabiwa ndani ya miraa; lakini wafanyabiashara wa pande zote mbili, na watafunaji wenyewe, huviona vitu viwili vyenye bei mbili. Mwenye kuandika katika hazina anafungua kiingizo kimoja au viwili? Kompyuta itapokea lolote. Hapa wanaohitajika ni watu wa Kiritiri, wala si wataalamu wa Berlin, na ni lazima wafike kabla ya mwingine.

Maana wako waliotangulia. Msweden Sverker Johansson alitengeneza programu iliyoandika makala mamilioni kwa Kisweden, Kisebuano na Kiwaray, lugha mbili za mwisho zikiwa za Ufilipino. Kwa sababu hiyo Wikipedia ya Kisebuano ikawa ya pili duniani kwa wingi wa makala, ikitanguliwa na ya Kiingereza pekee. Makala zake za kijiografia zilichotwa katika GeoNames, orodha ambayo sehemu yake kubwa imetokana na majina yaliyokusanywa na mashirika ya ramani ya Marekani. Kila makala mpya ilidai kiingizo chake, na hivyo mto mmoja uliweza kuingia katika hazina mara mbili kwa tahajia mbili, wa kwanza kwa mkono wa mtu aujuaye na wa pili kwa programu isiyojua mto ni nini. Kazi ya kuwaunganisha pacha hao ingali inaendelea.

Tahajia si jambo la urembo. Kilima cha Kiang'ombe, kirefu kuliko vilima vyote vya Mbeere, kikiandikwa Kiangombe hupoteza sauti moja na kupata nyingine, na msomaji wa Kiswahili, ambaye hutofautisha ng'ombe na ngombo bila kufundishwa, atakisoma vibaya kwa uaminifu. Vivyo hivyo irabu zenye alama juu, ĩ na ũ, ambazo ni sauti kamili katika Kiembu, Kimbeere na Kikuyu, hudondoshwa na orodha nyingi za kigeni. Hazina inaweza kuzihifadhi zote, jina lenye alama na jina lisilo nazo. Lakini haiwezi kuzibuni.

Mei 2018 hazina ilipanuliwa ipokee maneno pia, pamoja na maana na maumbo yake, na ndipo hoja ya waliolikataa neno “kamusi elezo” ilipopata jibu la ajabu: nyumba ya vitu ikajengewa chumba cha maneno. Nomino za Kibantu zinakaa humo bila taabu kubwa. Kiboko wa mtoni na kiboko cha kuchapia huweza kuwekwa mbalimbali, kila kimoja na upatanisho wake. Vitenzi ndivyo vinavyoushinda mpango uliobuniwa na watu waliozoea vitenzi vyenye maumbo machache. Mzizi mmoja wa Kiswahili, ukipokea viambishi vya nafsi, njeo, urejeshi na yambwa, kisha ukanyambulishwa, hutoa maumbo kwa maelfu. Kuyaorodhesha yote ni kupoteza karatasi, hata isiyo karatasi. Linalotakiwa ni kanuni, na mwandishi wa kanuni za kitenzi cha Kimbeere hana wa kumwigiza.

Hazina sasa ina viingizo zaidi ya milioni 100. Google ilipoifunga hazina yake ya Freebase, baada ya kutangaza uamuzi huo Desemba 2014, ilielekeza data zake huko. Na kwa kuwa data za Wikidata zimeachwa huru bila sharti la aina yoyote, kampuni na vyombo vya kujibu maswali huzichota zipendavyo. Kosa juu ya Kiritiri halikai tena katika ukurasa mmoja usiosomwa na mtu. Linasomwa kwa sauti na mashine kwa mtoto wa shule anayeuliza.

Katika idara zetu za lugha tuna tasnifu za majina ya mahali, orodha za msamiati wa ufugaji nyuki na ukulima wa mtama, na kanda za wazee zilizorekodiwa tangu miaka ya 1970, nyingi zikiwa katika makabati ambayo ufunguo wake unajulikana na mtu mmoja. Sensa ijayo ya Kenya inatazamiwa mwaka 2029. Idadi mpya ya watu wa Mbeere Kusini itawekwa katika hazina siku hiyo hiyo, na mtu ambaye pengine hajapata kuiona Kiritiri, na itakuwa sahihi. Jina la kilima lenye ng' yake na ĩ yake litaendelea kungoja kabati lifunguliwe.